Goti ambalo mfumo haukuliuliza: uchambuzi wa kisa cha mgonjwa wa moyo, kisukari na figo

Nakiandika kisa hiki nikiwa mmoja wa waliokosea. Mimi ni muuguzi mratibu. Kazi yangu ni kuhakikisha mgonjwa mwenye maradhi sugu zaidi ya moja hapotei katikati ya kliniki zake. Huyu alitupotea huku tukimwona kwenye skrini kila asubuhi. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya familia yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Namba za vipimo nimeziacha, maana bila hizo kisa hakieleweki.

Mgonjwa na mfumo wetu

Mzee, kama tulivyomwita sote, alikuwa na miaka 68. Alikuwa na kisukari aina ya pili, presha ya siku nyingi, na moyo uliopungua nguvu ya kusukuma damu baada ya shambulio la moyo. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, lakini si kwa kutisha: kreatinini yake ya kawaida, yaani taka ya damu inayopanda figo zinapochoka, ilikuwa mikromoli 118 kwa lita, sawa na uwezo wa figo kuchuja wa karibu mililita 58 kwa dakika. Aliishi na binti yake, mama mwenye kazi na watoto.

Alihudhuria kliniki tatu, ya moyo, ya kisukari na ya figo, na kila kliniki ilikuwa na faili lake. Dawa zake tulizozijua zilikuwa saba: enalaprili, bisoprololi, furosemaidi (dawa ya maji) miligramu 40 mara mbili kwa siku, spironolaktoni miligramu 25, metformini, atovastatini na aspirini ya dozi ndogo.

Tulimpa mizani inayotuma uzito kwenye simu, mashine ya presha na kipima sukari. Programu ilikusanya namba na kuzileta kwenye ukurasa wetu, ikichora mstari wa kila siku. Kanuni ilikuwa moja: uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, inatoka arifa. Kanuni hiyo ina mantiki. Mafuta ya mwili hayaongezeki kilo 2 kwa siku tatu. Kinachoongezeka kwa kasi hiyo ni maji, na maji hayo mara nyingi huanza kujikusanya siku kadhaa kabla mgonjwa hajaanza kuhema.

Kando ya programu kulikuwa na grupu la ujumbe kwenye simu. Tulikuwamo watu tisa: wahudumu wanne, Mzee mwenyewe, binti yake, na ndugu watatu walioongezwa mmoja mmoja bila mtu kuuliza kwa nini. Humo zilipita tarehe za kliniki, picha za majibu ya maabara, salamu na dua.

Wiki nane za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Uzito ulipanda mara moja, tukampigia, daktari akaongeza dawa ya maji kwa siku mbili, ukashuka. Wiki ya tisa binti akahamishia mizani chumbani kwa baba yake ili asihangaike kutembea. Chumba kilikuwa na zulia nene. Mizani ya namna hii inataka sakafu ngumu. Ikikaa juu ya zulia inasoma ovyo. Zikaja arifa tano ndani ya siku nane, zote za uongo. Tulipogundua sababu tulicheka, mizani ikarudishwa kwenye sakafu, na mimi nikaandika kwenye ukurasa wake: "Arifa za uzito: hakikisha kwanza, mizani ina matatizo." Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli siku ile niliyoiandika. Sikuifuta.

Mfululizo wa matukio

Siku ya kwanza, Ijumaa. Uzito kilo 78.2, kama kawaida yake. Jioni goti la kulia likaanza kumuuma.

Siku ya nne, Jumatatu. Mizani ilisoma 75.5. Kwenye mstari wetu hilo lilionekana kama ngazi inayoshuka. Arifa haikutoka, kwa kuwa kanuni yetu iliangalia kupanda tu. Mimi niliuona mstari Jumanne na nikaandika grupuni: "Mzee, hongera, maji yanapungua." Alijibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa pamoja.

Siku ya nane, Ijumaa. Alikwenda kliniki ya kisukari. Alimwambia muuguzi kwamba goti linamsumbua, naye akaandika kwenye faili: "Maumivu ya goti la kulia, wiki moja." Akamuuliza kama anatumia dawa zake vizuri. Akajibu ndiyo, na hakudanganya.

Siku ya 11, Jumatatu. Kliniki ya moyo. Kreatinini ilikuwa 149, uwezo wa kuchuja umeshuka hadi 44, na potasiamu 5.2, juu kidogo ya kawaida. Daktari alifungua ukurasa wetu na kuona mgonjwa aliyepoteza karibu kilo 3. Mapafu yalikuwa safi. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba kidogo, "kama siku zote". Uzito pale kliniki haukupimwa. Foleni ilikuwa ndefu, na kulikuwa na namba za kila siku kutoka nyumbani, za nini tena kumpandisha mzee mizani ya pili? Daktari akahitimisha kwamba Mzee amekaushwa mno na dawa ya maji, akapunguza furosemaidi kutoka mara mbili hadi mara moja kwa siku, na kuagiza damu irudiwe baada ya wiki mbili.

Siku ya 15, Ijumaa, saa 1 na dakika 40 jioni. Arifa: kutoka 75.6 Jumanne hadi 77.9. Iliingia kwenye simu za wahudumu wote wanne. Mwenzangu wa zamu aliifungua, akaona kwamba 77.9 bado iko chini ya 78.2 aliyoizoea, akasoma ile sentensi yangu kuhusu mizani, akaandika: "Tuangalie Jumatatu." Daktari aliona maandishi hayo. Mimi pia niliyaona nikiwa nyumbani, na nikashukuru kwamba kuna mtu kashughulikia.

Usiku huohuo binti alituma ujumbe wa sauti kwa kaka yake, nje ya grupu letu. Baadaye alinisikilizisha. Unadumu sekunde 22, na ndani yake anasema baba halali chali siku hizi, amejiegemeza kwenye mito mitatu, na asubuhi viatu vimegoma kuingia miguuni. Kama mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili angepewa sekunde hizo 22 kwenye mtihani, angetoa jibu sahihi: maji yanajaa mwilini. Nilipomuuliza kwa nini hakuuleta kwetu, alisema: "Sista, kule grupuni mnaandika namba. Mimi sikuwa na namba."

Siku ya 17, Jumapili usiku. Alipelekwa idara ya dharura akihema kwa taabu.

Wodini

Kreatinini ilikuwa 231. Uwezo wa kuchuja ulikadiriwa kuwa karibu 26, ingawa fomula hiyo si ya kuaminiwa sana figo zinapobadilika kwa kasi. Potasiamu ilikuwa 6.2, kiwango ambacho kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo bila kutoa onyo. Alipimwa umeme wa moyo, akapewa matibabu ya kushusha potasiamu na furosemaidi ya mshipa. Enalaprili, spironolaktoni na metformini zilisimamishwa.

Kilichotufumbua macho hakikutoka maabara. Asubuhi ya Jumatatu muuguzi wa wodi alimpima uzito akiwa amekaa kwenye kiti chenye mizani: kilo 82.1. Simu ya binti ilionyesha kwamba asubuhi iliyotangulia, nyumbani, alikuwa 78.9. Hakuna aliyekunywa lita tatu za maji usiku ule. Muuguzi alisubiri hadi siku ya tatu, Mzee alipopata nguvu za kusimama, akamwambia binti alete mizani ya nyumbani. Akaiweka sakafuni.

"Mzee, hebu nionyeshe unavyojipima."

Mzee aliomba fimbo yake. Aliisimika sakafuni, pembeni ya mizani, akapanda mguu mmoja baada ya mwingine, akatulia huku mkono wa kulia umeibana fimbo. Mizani ikasoma 77.0. Muuguzi akamshika kiunoni kwa mikono miwili, tayari kumdaka.

"Sasa nyanyua fimbo, kidogo tu. Usiogope."

Namba ilipanda mbele ya macho yao: 78.4, 79.1, 80.1. Tayari alikuwa amekwisha kukojoa kilo mbili za maji tangu alazwe.

"Baba! Siku zote ulikuwa unafanya hivi?"

"Tangu goti liniume. Ulitaka nianguke, mwanangu?"

Hapo ndipo alipoulizwa anatumia nini kwa ajili ya goti. Alitoa mfukoni kijaruba chenye vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vya miligramu 50. Alikuwa akimeza viwili, siku nyingine vitatu, tangu Jumamosi ile ya kwanza. Alinunua duka la dawa bila cheti. Alipoulizwa kama anatumia dawa zake alikuwa akifikiria zile saba za kliniki. Hii haikuwa dawa yake, ilikuwa dawa ya goti.

Jinsi vipande vilivyoshikana

Damu huingia kwenye vichujio vya figo kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, hubana mlango wa kuingilia. Enalaprili hulegeza mlango wa kutokea. Furosemaidi hupunguza kiasi cha damu kinachofika mlangoni. Figo yenye afya inaweza kustahimili mawili kati ya haya. Yakikutana matatu kwenye figo iliyochoka, msukumo wa kuchuja unaporomoka. Juu ya hayo diklofenaki huufanya mwili uzuie chumvi na maji, ndiyo maana haipaswi kutumiwa na mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Ongeza spironolaktoni, ambayo huzuia potasiamu isitoke, na potasiamu ya 6.2 haishangazi tena.

Lakini jambo linalonifanya nikifundishe kisa hiki ni lingine. Goti lilileta makosa mawili kwa wakati mmoja. Lilileta diklofenaki, ambayo ilipandisha kreatinini, na likaleta fimbo, ambayo ilishusha uzito kwenye skrini. Kreatinini juu, uzito chini: kwa daktari yeyote mwenye uzoefu hiyo ni picha kamili ya mtu aliyekauka. Hakuwa mzembe. Alikuwa na ushahidi wa aina mbili, kutoka vyanzo viwili tofauti, nao ukakubaliana. Kumbe vyanzo vyote viwili vilikuwa goti moja. Akapunguza dawa ya maji kwa mtu ambaye maji yalikuwa yakipanda.

Neno "goti" lilikuwepo. Liliandikwa kwa kalamu kwenye faili la kisukari, siku tatu kabla ya kliniki ya moyo. Programu yetu ilikuwa na sehemu ya uzito, ya presha na ya sukari. Sehemu ya kuandika kwamba kuna kitu kinauma haikuwepo.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Mashine zilifanya kazi, na lazima tuseme hivyo, maana baada ya tukio watu wawili kwenye kikao walitaka mizani iondolewe. Mizani ilipima sawasawa nguvu iliyokandamizwa juu yake. Programu ilituma kila namba, arifa ikatoka kwa kanuni tuliyoiweka sisi wenyewe, saa 50 na zaidi kabla ya Mzee kufika dharura. Muda wa kumwokoa na kitanda cha hospitali ulikuwepo.

Kilichoharibika kwanza ni umiliki. Arifa ilikwenda kwa watu wanne, na kila mmoja alipoona wenzake wameifungua aliipunguzia uzito moyoni mwake. Mimi nikiwa mmoja wao. Hatukuwahi kuandika popote kwamba kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi arifa ya Mzee ni ya fulani. Kuona ujumbe tulikuchukulia kama kuujibu, na alama za kuonyesha kwamba umesomwa zilitupa utulivu ambao hatukustahili.

Tafiti kubwa za ufuatiliaji wa mbali zinaonyesha tofauti hiyohiyo, na huwa nazitaja kila mtu anapoanza kubishana kuhusu vifaa. Utafiti wa Tele-HF wa Marekani, uliochapishwa 2010, ulifuata wagonjwa 1,653 waliotoka hospitalini karibuni kwa tatizo hili la moyo. Nusu yao walipiga simu kila siku kwenye mfumo wa kujiendesha na kuingiza uzito na dalili. Baada ya miezi sita, kulazwa tena au kufa hakukupungua hata kidogo. TIM-HF2 wa Ujerumani, uliochapishwa 2018, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,500 na vipimo vya kila siku pia, ila nyuma ya vipimo kulikuwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, siku zote za wiki. Humo siku zilizopotea kwa kulazwa bila kutarajiwa kwa sababu ya moyo na mishipa ya damu, au kwa kifo, zilikuwa 17.8 kwa mwaka, dhidi ya 24.2 kwa waliohudumiwa kwa kawaida. Tafiti hizi zilitofautiana kwa mambo mengine pia, kwa hiyo sitadai kwamba kituo ndicho kilichofanya kila kitu. Ila sisi tulikuwa na mizani ya mwaka huu na kituo cha kufikirika.

Pili, kukosea kwa zulia kulitugharimu zaidi ya tulivyodhani. Arifa tano za uongo hazikuisha zulia lilipoisha. Ziliendelea kuishi ndani ya sentensi yangu na kumshawishi mwenzangu wa zamu kwamba ya sita nayo ni ya uongo.

Tatu, tuliacha kupima tulichodhani tunakijua. Mizani ya kliniki ingesoma karibu 78.6 siku ile ya 11, na mstari mzima ungeanguka palepale. Namba za nyumbani ziliingia mahali pa vipimo vya kliniki, wakati zilipaswa kukaa kando yake.

Nne, lugha. Tulimfundisha binti kuamini kwamba mazungumzo yetu ni ya namba, na yeye akatii. Mito mitatu na viatu visivyoingia havikuwa na pa kwenda.

Matokeo, na tulichobadilisha

Mzee alikaa wodini siku tisa. Wiki mbili baada ya kutoka kreatinini ilikuwa 138 na potasiamu 4.7. Metformini ilirudishwa kwa dozi ndogo, enalaprili pia, kwa hatua. Spironolaktoni ilisubirishwa. Goti lilipigwa picha, likaonekana limechakaa kwenye kiungo. Alipewa parasetamoli, mazoezi ya kuimarisha paja na dawa ya kupaka. Uwezo wa figo haukurudi pale ulipokuwa.

Kila arifa sasa ina jina la mtu mmoja, likiwemo la wikendi, na haifungwi kwa kusoma. Inafungwa kwa kumpigia mgonjwa simu na kuandika alichosema. Simu hiyo ina maswali machache yasiyo na namba: Ulilalaje jana? Viatu vinaingia? Kuna kinachouma? Umemeza nini ambacho si sisi tuliokupa? Swali la mwisho tuliligeuza mara kadhaa, "unatumia dawa nyingine?" lilikuwa likileta "hapana" kila mara. Kanuni ya uzito sasa inaangalia kushuka pia. Kila mgonjwa anapimwa kliniki na namba hiyo kulinganishwa na ya asubuhi ya nyumbani, na mara moja kila baada ya miezi mitatu tunamwomba atuonyeshe anavyojipima, kwa kamera ya simu, kuanzia anapoingia chumbani.

Orodha ya dawa ni moja, inashikwa na binti, na kila anayebadilisha dawa anapaswa kuibadilisha hiyo kabla ya faili lake. Daktari wa figo bado husahau, binti humkumbusha.

Grupu tulilivunja. Nililipinga wazo hilo kwa wiki nzima, maana familia ililipenda, hadi mmoja wa ndugu alipotuuliza kwa nini majibu ya maabara ya baba yake yanajadiliwa na shemeji. Hatukuwa tumemwomba Mzee ruhusa hata siku moja. Alipoulizwa, aliwachagua wawili.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Simu za kufunga arifa zinakula karibu saa moja na nusu ya kila siku yangu, na nilipokwenda likizo arifa tatu zilikaa siku mbili bila mwenyewe, kwa sababu tulimwandika wa kushika nafasi yangu lakini hatukumwambia. Muuza duka la dawa hana njia ya kuiona orodha ya Mzee. Tumebaki na kadi ndogo kwenye pochi yake, imeandikwa kwa herufi kubwa: "Nina ugonjwa wa moyo na figo. Usiniuzie diklofenaki wala ibuprofeni." Mwezi uliopita alinionyesha kadi hiyo. Kona zake zilikuwa bado kali, kama ilivyotoka kwenye mashine ya kuchapishia. Nilimuuliza kama amewahi kuitoa. "Sista," akasema, "nikienda dukani huwa namtuma mjukuu."